Sura ya Nne: Kidole Kinachobonyeza

"Mwizi! Na leo utasemea mtoni!"

"Madam, mimi sijaiba kitu."

"Hujaiba? Pesa ya tangazo langu inaliwa kila siku watu hawajanywa hata uji, na funguo za hilo tangazo unazo wewe peke yako. Nani anakula? Mbuzi?"

"Nirudishie kompyuta yangu nikuonyeshe."

"Nikurudishie ufute? Mfante wewe wa pwani, umeniona mjinga kwa sababu sijui kizungu chako cha puani?"

"Hata Wafante wana mama zao, Madam. Siwezi kula hela ya misiba ya watu."

"Mna mama na mna matumbo! Mtu wa kwenu anauza shamba la baba yake apate samaki wa kukaanga, atashindwa kula hela yangu?"

Watu waliojazana nje ya duka wakaangua kicheko. Pokuaa Sarfo hakucheka. Alikuwa amesimama katikati ya viti vya plastiki vilivyopangwa mpaka kugusa dari, na ni hivyo viti vilivyokuwa vinamsumbua. Leo Alhamisi. Kumasi, Alhamisi, mtu anayekodisha viti na maturubai ya msiba hatakiwi kuwa na kiti hata cha kukalia mwenyewe. Vyote vinakuwa vimeshapakiwa vinasubiri maziko ya Jumamosi. Vya Madam Boahemaa vilikuwa vimeshika vumbi.

Juu ya meza kulikuwa na kikapu cha mayai na chupa ya pombe kali. Hakuna aliyehitaji kuelezwa ni vya nini: ni vya kumlaani mtu mtoni.

"Nitalivunja yai nitaje jina lake," Madam Boahemaa alisema, sasa akimwangalia Pokuaa. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, kitambaa cha kichwa kimelegea kwa hasira. "Kidole kinachobonyeza, kikauke. Na mdomo uliokituma, ukauke. Mambo yaishe."

Fiifi Quansah, yule kijana wa matangazo, alikuwa ameegemea ukuta. Shati limelowa jasho, lakini macho hayakukwepa. Pokuaa aliyaangalia vizuri. Alifanya kazi ya upelelezi polisi miaka mingi kabla hajafungua ofisi yake mwenyewe juu ya duka la fundi simu, na macho alikuwa anayasoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Haya hayakuwa ya mwizi. Ila macho si ushahidi.

"Madam, umeniajiri nimtafute anayekula tangazo lako," Pokuaa alisema. "Ukienda mtoni sijampata, umenilipa bure."

"Nimeshampata mimi."

"Umemdhania. Na jina likishatajwa mtoni halitoki kwa sabuni. Hata kesho ikijulikana hana kosa, nani mji huu atampa kazi? Nani atampangisha chumba?"

"Hilo si langu."

"Gari linakuja lini?"

"Dereva akishakula mchana."

"Basi nipe mpaka dereva ale. Na nipe hiyo kompyuta."

"Atafuta!"

"Nitamlalia kama kuku anavyolalia mayai. Lete."

Madam akasonya msonyo mrefu, akaivuta kompyuta kutoka chini ya kiti chake.

*

Walikaa uani, chini ya turubai la maonyesho. Pokuaa alikaa bega kwa bega na Fiifi, mkono wake karibu na kitufe cha kuzima.

"Nieleze kama unamweleza shangazi yako anayeuza samaki," alisema.

"Shangazi yangu anauza samaki kweli."

"Vizuri, basi umezoea."

Fiifi akavuta pumzi. "Mtu amefiwa. Anachukua simu, anachapa: turubai la kukodi Kumasi. Yale majibu ya juu kabisa ni matangazo. Ile nafasi ya juu inapigwa mnada kila mtu anapochapa. Mimi nimeshasema, kwa neno 'turubai' Madam yuko tayari kutoa kiasi fulani. Asubonteng, mwenye maturubai pale ng'ambo ya barabara, naye ametaja chake. Mwenye dau zuri na tangazo linaloeleweka anakaa juu."

"Kukaa juu ndiyo analipia?"

"Halipi kitu. Watu elfu waone, wapite, bure. Analipa mtu akibonyeza. Kila kidole ni pesa."

"Hata asiponunua?"

"Hata akiligusa kwa bahati mbaya anajikuna."

"Kama teksi, ukishafungua mlango tu umelipa."

"Hapo hapo, sista. Ndiyo maana unaweka kikomo cha siku. Kikijaa, tangazo linashuka mpaka kesho yake. Zamani kikomo chetu kilifika mpaka jioni. Siku hizi kinajaa asubuhi tu."

"Na wafiwa wanatafuta maturubai saa ngapi?"

"Wakishamaliza kikao cha ukoo. Mchana, alasiri. Sisi wakati huo hatuonekani. Anaonekana Asubonteng."

Pokuaa akalitunza hilo. Asubonteng alikuwa anafaidika, na anayefaidika anaulizwa. Lakini kwanza alikuwa na swali kwa huyu aliyekaa naye.

"Wewe unalipwaje, Fiifi?"

Kuku mmoja alipita chini ya meza.

"Napata fungu la kile kinachotumika kwenye tangazo."

"Kumbe! Kwa hiyo vidole vikiwa vingi, na wewe unashiba."

"Sishibi zaidi. Fikiria mwenyewe. Kikomo ni kilekile. Kijae asubuhi, kijae jioni, fungu langu halibadiliki. Ila kikijaa asubuhi, Madam hapati wateja, na Madam akikosa wateja mimi nakosa kazi."

Pokuaa akalipindua hilo jibu kichwani, akalitafuta tundu, akalikosa. Mtu haibi mahali ambapo wizi haumwongezei hata senti.

"Sawa. Hao wanaobonyeza wako wapi?"

"Hapahapa Kumasi. Simu nyingi, tofauti tofauti."

"Si mashine?"

"Mashine inagusa inakimbia. Hawa wanakaa. Wanashuka kwenye ukurasa pole pole mpaka chini kabisa, pale penye picha ya Madam amevaa nyeupe, halafu ndiyo wanatoka. Hakuna anayepiga simu kuulizia bei. Hata mmoja."

"Wanaangalia picha yake," Pokuaa alisema taratibu. "Wanachapa maneno gani kabla ya kuliona tangazo? Unaweza kujua?"

"Yapo." Akafungua ukurasa mwingine, akasogeza kompyuta. Turubai la kukodi. Viti vya msiba. Turubai mtaa wa Asafo. Halafu neno moja, tena na tena, likishika ukurasa mzima kama kupe: *eno b turubai*. *eno b viti*. *eno b*, *eno b*.

"Hii nini?"

"Hiyo ni aina ya turubai. La Kichina nadhani. Eno A, Eno B. Nilimwambia Madam tuagize na sisi maana watu wanalitafuta sana, hakunisikiliza, alikuwa anagombana na mtu kwenye simu."

Pokuaa akamwangalia. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Fiifi, umeishi Kumasi muda gani?"

"Mwaka wa pili. Kwani vipi?"

"Eno ni mama! Mama wa heshima, kwa Kiasante. Eno B ni mtu, wewe! B ni Boahemaa. Ni huyo Madam anayetaka kukupeleka mtoni!"

Fiifi akaliangalia tena lile neno kwenye kompyuta. "Kwetu tunasema Maame."

"Kwenu mnasema ugali wa kenkey tu mkashiba." Kicheko kilikatika ghafla kama kilivyoanza, akaegemea meza. "Sasa nisikilize. Adui angechapa 'turubai'. Mgeni angechapa 'turubai'. Anayechapa 'Eno B' ni mtu anayemwita hivyo usoni. Sokoni wote wanamwita Madam. Wateja wanamwita Boahemaa. Nani anamwita Eno B?"

"Tumuulize mwenyewe."

"Ukimpa jina sasa hivi atalibeba kwenye kikapu pamoja na mayai. Hapana. Kaa hapa, usiende popote, na uwe na simu mkononi."

*

Mzee Asubonteng alikuwa anakula fufu chini ya turubai lake mwenyewe, jipya, rangi nyekundu na nyeusi. Hakusimama. Akatumbukiza tonge kwenye mchuzi, akameza, akasema, "Binti, umekaribishwa, ila kama umekuja kunikamata ningojee nimalize nyama."

"Umekuwa unabonyeza tangazo la jirani yako."

"Nani kasema?"

"Mimi nimesema. Na sasa uso wako umenijibu."

Asubonteng akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akaangalia kushoto na kulia, akacheka kidogo. "Nilibonyeza. Nilibonyeza mpaka kidole kikauma. Nilikaa hapa siku nzima, ta, ta, ta, kama mtu anayeua chawa. Halafu mwanangu akaja akanicheka. Akasema baba, simu moja ikibonyeza hivyo wenye mtandao wanaona ni uhuni, hawamkati hela mwenye tangazo hata kidogo. Nimejichosha bure."

"Ukaacha?"

"Sasa niendelee kwa faida gani? Mimi mzee, nina baridi yabisi."

Pokuaa hakuwa na sababu ya kumwamini, ila hesabu ilimwamini. Alichoona kwenye kompyuta kilikuwa simu nyingi, kila moja na mguso wake mmoja. Mzee mwenye simu moja hawezi kuwa umati.

"Mzee, wewe humpendi Boahemaa."

"Mimi na yule tunapendana kama paka na maji."

"Ukimtukana unamwitaje?"

"Namwita mengi, mengine nina chakula mbele yangu siwezi kusema."

"Umewahi kumwita Eno B?"

"Mimi?" Asubonteng alikasirika kweli. "Nimwite mama, yule? Eno B wanamwita wale wamama zake wa nyimbo. Wale wa nnwonkoro, wanaoimba misibani na nguo zao za buluu. Alikuwa mwimbaji wao kabla hajapata hela. Mazoezi yao ni Alhamisi, uwanja wa shule ya Amakom. Nenda, utawasikia kabla hujawaona." Akarudisha mkono kwenye bakuli. "Na mwambie maturubai yangu yamekwisha Jumamosi hii, asije kuniazima."

*

Aliwasikia kweli kabla hajawaona. Sauti moja ilipanda peke yake, kavu, na nyingine zote zikaipokea kutoka chini kama mikono inavyopokea mzigo. Pokuaa alisubiri ubeti uishe, maana wamama wa nnwonkoro hawakatizwi, akamwendea yule aliyekuwa anaongoza. Aliitwa Eno Foriwaa, mwanamke mrefu, amejifunga kitambaa tumboni.

"Eno, shikamoo. Nina swali dogo. Kuna anayemjua Eno B mwenye maturubai?"

"Kumjua? Huyo ni wetu! Tumemtoa sisi."

"Na tangazo lake la kwenye simu?"

Uwanja mzima ukainuka. Simu zikatolewa kwenye nguo, kwenye mikoba, moja kwenye kitambaa cha kichwa. "Tunambonyeza!" wakasema kwa pamoja. "Kila asubuhi!"

"Tukishasali tu," Eno Foriwaa alisema kwa fahari. "Mkono wa kwanza kwa Mungu, wa pili kwa Eno B. Na si sisi tu. Kikundi cha Bantama wanambonyeza, Tafo wanambonyeza, Suame wale ni wavivu lakini nao wanambonyeza."

Pokuaa alijiuma shavu kwa ndani asionyeshe kitu. "Kwa nini, Eno?"

"Binti, wewe si mtoto wa hapa? Sahani ya mchango ikipita msibani, utakunja mkono? Mwenzetu ametuomba tumsaidie. Sisi hela hatuna. Vidole tunavyo."

"Amewaomba nani?"

"Yeye mwenyewe. Subiri." Akahangaika na simu, akaisogeza mbali na macho, akaikaribisha tena. "Iko kwenye grupu letu. Hii hapa."

Sauti ya Madam Boahemaa ikatoka, tamu, ya mtu aliyeshiba na kuridhika.

*"Wamama zangu, ni mimi Eno B wenu. Kuna kijana mmoja wa Kifante ameniweka kule juu kwenye mtandao. Mnitafute kwa jina langu, mnibonyeze. Kila siku mnibonyeze! Mkinibonyeza napanda. Na atakayeacha kunibonyeza, huyo si mwenzangu, nitamkumbuka."*

Wamama wakacheka tena, kama walivyocheka bila shaka mara ya kwanza. Pokuaa alisubiri wamalize.

"Nitumie hiyo sauti, Eno. Sasa hivi."

"Kuna ubaya?"

Angeweza kuzungusha maneno. Hakuzungusha. "Kila mmoja wenu akimbonyeza, Eno B anakatwa hela. Zikikwisha anafungiwa tangazo, na wafiwa hawamwoni. Viti vyake vimelala dukani."

Hakuna aliyecheka. Eno Foriwaa aliitazama simu yake kana kwamba imemng'ata.

"Nyame, Mungu wangu," alisema. "Kumbe tumekuwa tunamla dada yetu."

"Mmefanya mlichoombwa. Kuanzia leo msibonyeze tena. Mtu akifiwa mpigieni simu, basi."

Simu ya Pokuaa ikaita. Fiifi. Alikuwa ananong'ona na nyuma yake injini ilikuwa inanguruma.

"Sista, dereva hakula. Amesema atakula akirudi. Nimo ndani ya gari."

*

Pokuaa alimwambia dereva wa teksi apite popote palipo na njia, na palipokosa njia apite hapohapo. Kijana akaitii hiyo amri kwa furaha isiyo na adabu. Walipofika mtoni, gari la Madam lilikuwa limeshaegeshwa kwenye nyasi na watu walikuwa wameshajipanga, wengine wa mtaani waliomfuata, wengine wa hapo tu wanaopenda kuangalia. Fiifi alikuwa amesimamishwa mbele, dereva kamshika kwapa.

Madam Boahemaa alikuwa pekupeku ukingoni, yai mkononi, mkono umeinuliwa.

"Kidole kilicho—"

"Madam! Usimalizie!"

Mkono ukabaki hewani. "Umekuja kunizuia?"

"Nimekuja kukupa ulichonilipia. Nimempata."

Watu wakasogea. Madam akamwangalia Fiifi kwa jicho la ushindi. "Taja basi. Taja wote wasikie."

"Umesema kidole na mdomo. Nianze na upi?"

"Mdomo! Mdomo uliowatuma ndio mbaya."

"Unataka uusikie?"

"Nausubiri!"

Pokuaa akainua simu juu, akafungulia sauti mpaka mwisho.

*"Wamama zangu, ni mimi Eno B wenu..."*

Ilisikika mpaka ng'ambo. Ilipofika *nitamkumbuka*, kuna mwanamke mmoja nyuma aliziba mdomo wake mwenyewe kwa viganja viwili. Madam Boahemaa alikuwa bado ameinua mkono, kama mtu aliyesahau ana mkono. Halafu akaushusha pole pole sana, kwa uangalifu, yai likiwa katika vidole vyote vitano, na akalirudisha kikapuni bila sauti yoyote.

"Lakini Facebook," alisema. "Facebook watu wakikubonyeza unapanda."

"Kule ni kupenda, Madam," Fiifi alisema. Dereva alikuwa ameshamwachia. "Huku ni kulipa."

"Wewe ulisema likibonyezwa ndiyo linafanya kazi."

"Likibonyezwa na mfiwa. Nilisema mfiwa."

"Wamama wa nyimbo," Pokuaa alisema. "Foriwaa na wenzake. Kila asubuhi baada ya sala. Hivyo ndivyo vidole ulivyokuwa unataka vikauke. Mdomo unaujua."

Madam akatafuta viatu vyake kwa miguu, hakuviangalia. Alipovivaa, alifunga kitambaa chake cha kichwa upya, kwa mkazo, akamsogelea Fiifi karibu kabisa na kumwambia chinichini, "Haya. Kesho uje mapema."

Fiifi akawa ananyoosha shati pale alipokuwa ameshikwa kwapa.

"Nimesema uje kazini. Hujasikia?"

"Nimesikia. Mwizi uliniita kwa sauti, Madam. Dukani kwa sauti, njiani dirisha wazi, na hapa. Kazi unanipa kwa kunong'ona."

"Mtu mzima hapigi kelele mbele za watu."

"Umepiga tangu asubuhi," Pokuaa alisema. "Mimi nimemtaja mwenye kosa mbele yao. Asiye na kosa mtaje wewe. Hilo siwezi kukusaidia."

Madam aliwaangalia watu. Watu walimwangalia. Hakuna aliyemfanyia huruma ya kugeuza uso. Akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa, na pale Pokuaa akakumbuka kuwa huyu mwanamke aliwahi kuongoza nyimbo.

"Fiifi Quansah hakuniibia!" Sauti ilipita juu ya maji. "Nimekosa mimi! Mimi Boahemaa, kwa mdomo wangu! Anayemwita mwizi kuanzia leo, ananiita mimi!"

Mtu mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata. Madam alijifuta shingo, akaenda kwenye gari, akafungua mlango wa nyuma na kuushikilia. Haijapata kuonekana, Madam Boahemaa kumshikia mtu mlango.

"Ingia basi. Twende tukalirudishe hilo tangazo hewani, kesho kutwa ni Jumamosi."

Fiifi alichukua kompyuta yake kwenye kiti. Aliuangalia mlango ulio wazi, akamwangalia Madam aliyeushika.

"Neno la siri nitakutumia kwa simu," alisema. "Tafuta Mwasante mwenzako akufungulie. Mimi nilikuwa nadai jina langu tu, na umenipa."

Akampa Pokuaa mkono, akageuka, akaikamata barabara ya kurudi mjini kwa miguu.